Intaneti ya Kupiga Simu Katika Miji ya Meru na Embu: Jinsi Makosa Yalivyosomwa na Kasi Ndogo Ilivyotafutiwa Chanzo

Utangulizi

Tarehe 30 Septemba 2025 kampuni ya AOL ya Marekani ilisitisha huduma yake ya intaneti ya kupiga simu, baada ya kuitoa kwa zaidi ya miaka 30. Katika miji ya Meru na Embu huduma ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kusahaulika kitambo. Hata hivyo, kwa takriban mwongo mmoja kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, tarakilishi, modemu na simu ya mezani ndivyo vilivyokuwa vifaa vya kawaida vya mwalimu, karani au mwanafunzi aliyetaka kuufikia mtandao katika miji hiyo. Makala haya yananuia kueleza jinsi matatizo ya njia hiyo yalivyotambuliwa, yaani makosa yaliyojitokeza kwenye skrini na kasi ndogo iliyowachosha watumiaji.

Hoja yetu ni kwamba mtumiaji aliyelalamika kuwa "mtandao ni wa polepole" alikuwa akiyapa jina moja matatizo yaliyokaa mahali patatu tofauti. Palikuwapo kwanza waya wa kati ya nyumba au ofisi yake na kituo cha simu cha mji. Kisha palikuwapo njia ya kutoka mji huo hadi Nairobi, na mwisho anga ya kati ya Kenya na ng'ambo. Dawa ya mahali pamoja haikutibu mahali pengine. Asiyeweza kuyatenganisha aliishia kumlipa fundi wa tarakilishi kwa hitilafu iliyokuwa juu ya mlingoti wa simu, huku bili ya muda wa maongezi ikiendelea kupanda. Fauka ya hayo, maelezo ya hitilafu yalikuja kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi. Hapo ndipo suala hili linapotugusa sisi wa idara za Kiswahili, nasi tutalirejea.

Sauti iliyobeba maandishi

Waya wa simu ulikusudiwa kubeba sauti ya binadamu, na mfumo mzima ulipitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Tarakilishi, kwa upande wake, haijui kusema. Inajua sifuri na moja. Kazi ya modemu ilikuwa kuzigeuza tarakimu hizo kuwa milio inayoweza kupita mle, na modemu ya upande wa pili ikaigeuza milio hiyo kuwa tarakimu tena. Ule mkwaruzo na mlio wa kukereketa uliosikika mara baada ya namba kupigwa haukuwa kelele za bure. Yalikuwa maamkizi. Modemu mbili zilijuliana hali, zikaulizana uwezo, zikaupima usafi wa waya kisha zikakubaliana kasi. Kama ilivyo kwa wazee wawili wanaokutana njiani, haja yenyewe haikutajwa mpaka maamkizi yaishe, na yangeweza kuchukua nusu dakika.

Kasi iliyokubaliwa ilitegemea mambo mawili: kiwango cha modemu na hali ya laini. Kiwango kilichoitwa V.34 kilianza mwaka wa 1994 kwa biti 28,800 kwa sekunde, kikapandishwa hadi 33,600 mwaka wa 1996. Mwaka wa 1998 kikaja V.90, kilichoahidi biti 56,000 wakati wa kupokea. Ahadi hiyo ilikuwa na sharti ambalo halikuandikwa kwenye katoni za modemu. Ilibidi njia yote kutoka kwa kampuni ya intaneti hadi kituo cha simu cha mteja iwe ya kidijitali, na waya wa mwisho tu ndio uwe wa mfumo wa kale wa sauti. Sauti ilipogeuzwa zaidi ya mara moja njiani, kwa sababu ya kituo cha zamani au ubao wa simu wa ofisini unaogawa laini kwa vyumba, V.90 iliporomoka na kurudi 33,600 au chini yake. Kwa hiyo mtu wa ofisi yenye ubao wa simu angeweza kununua modemu ya bei ghali kuliko ya jirani yake na asipate hata biti moja ya ziada. Jambo la kwanza la kumshauri mtu wa namna hiyo lilikuwa kuomba laini ya moja kwa moja isiyopitia kwenye ubao.

Hapa pana utatanishi wa hesabu uliozaa manung'uniko mengi. Kasi ya modemu ilitajwa kwa biti, ilhali ukubwa wa faili na kasi ya kupakua vilitajwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Laini ya biti 33,600 ilipitisha baiti 4,200 kwa sekunde, yaani kilobaiti nne na ushei. Faili la megabaiti moja lilihitaji dakika nne na zaidi hata mambo yakienda barabara; laini iliyoporomoka hadi biti 9,600 ililihitaji kwa karibu robo saa. Aliyeona kilobaiti 3.5 kwenye skrini akadhani anapunjwa, kumbe alikuwa akipata karibu yote ambayo waya wake uliweza kutoa. Kinyume chake, aliyeona namba 115,200 katika mipangilio ya tarakilishi alifurahi bure. Hiyo ilikuwa kasi ya kati ya tarakilishi na modemu iliyo mezani, na haikusema lolote kuhusu waya uliotoka nje kupita dirishani.

Kusoma namba za kosa

Programu ya Windows ilimpa mtumiaji namba ya tarakimu tatu kila muungano uliposhindikana. Wengi waliifunga dirisha hiyo upesi na kujaribu tena. Ilikuwa hasara, kwa sababu namba ile ilionyesha ni hatua gani ya safari iliyokwama.

Namba 633 na 602 zilimaanisha kwamba simu haikuwa hata imeanza kupigwa: modemu ilikuwa imeshikwa na programu nyingine, mathalani ya faksi, au haikuwa imesanidiwa. Kuizima tarakilishi na kuiwasha upya mara nyingi kulitosha. Namba 680 ilisema kwamba modemu haikusikia ule mlio mmoja mrefu unaosikika mtu anapoinua mkono wa simu. Kwa kawaida waya ulikuwa umechomoka, au umechomekwa kwenye tundu la modemu lililotengwa kwa ajili ya simu badala ya lile la ukutani, au laini yenyewe ilikuwa imekatika. Mkono wa simu ulimaliza ubishi: ukiinuliwa na kubaki kimya, kosa halikuwa la tarakilishi.

Ilitokea pia kwamba mlio upo, mtu anausikia, ila modemu haiutambui. Hali hii iliwapata hasa waliopitia kwenye ubao wa simu, ambao ulikuwa na mlio wake tofauti. Dawa ilikuwa kuandika amri ya herufi chache, ATX3, katika mipangilio ya ziada ya modemu. Amri hiyo iliiambia modemu ipige namba bila kungoja mlio. Na pale ilipobidi kubonyeza namba ya kutokea nje kwanza, mkato mmoja uliowekwa baada ya namba hiyo uliifanya modemu itulie kwa sekunde mbili kabla ya kuendelea. Nadhani ni mahali pachache sana ambapo alama ya uakifishi imewahi kufanya kazi ya kuonekana kwa macho namna hiyo.

Namba 676 ilimaanisha laini ya upande wa pili inatumika. Kampuni ya intaneti ilikuwa na modemu chache kuliko wateja, na saa za jioni zilijaa. Namba 678 ilimaanisha hakuna aliyejibu. Hapo ilifaa kuipiga namba ileile kwa simu ya kawaida na kusikiliza. Ukisikia mlio wa modemu, kosa liko kwako. Ukisikia mtu akisema "haloo", umekosea namba.

Namba 691 ilikuja baada ya maamkizi kukamilika, na ilihusu jina la mtumiaji au nywila. Aghalabu kisababishi kilikuwa kitufe cha herufi kubwa kilichoachwa kimewashwa, au akaunti iliyokwisha muda wake. Namba 718 na 720 nazo zilimaanisha kwamba mashine mbili zimesikizana kama sauti ila hazijaelewana kama lugha: ya kwanza kwa sababu jibu lilichelewa mno, mara nyingi kutokana na laini chafu, na ya pili kwa sababu itifaki za mtandao zilikuwa zimeharibika au kuondolewa upande wa mtumiaji. Hii ya 720 ndiyo pekee, kwa maoni yangu, iliyostahili kumpeleka mtu kwa fundi wa tarakilishi bila kusita.

Waya, mvua na simu ya chumba cha pili

Muungano uliofaulu ungeweza bado kuwa wa polepole au wa kukatikakatika. Meru iko kwenye miteremko ya kaskazini-mashariki ya Mlima Kenya, na Embu upande wa kusini-mashariki. Sehemu hizo hupata mvua ndefu za Machi hadi Mei na za vuli za Oktoba hadi Desemba. Maji yalipoingia kwenye viungo vya nyaya za shaba, kutu ilianza kazi yake, na waya ukapata mchakacho. Sikio la binadamu huuvumilia mchakacho, maana likikosa neno moja hulikisia. Modemu haikisii. Kifurushi cha data kilichoharibika kilibidi kitumwe upya, na kilichotumwa mara tatu kilichukua muda wa vitatu. Milingoti mingine ilipita katikati ya mikaratusi, na matawi yaliyolowa yakigusana na waya yaliongeza udhia. Wizi wa nyaya za shaba nao, uliokithiri nchini miaka hiyo, uliacha viraka vya kuunganisha, na kila kiungo kipya kilikuwa mlango mpya wa maji.

Jaribio la kuupima waya halikuhitaji kifaa chochote. Mtu aliinua mkono wa simu, akabonyeza tarakimu moja ili mlio wa kawaida unyamaze, kisha akasikiliza ule ukimya. Laini safi ilikuwa kimya kabisa. Mchakacho ulielekeza kwenye viungo vilivyolowa au kulegea, nao mvumo mzito wa mfululizo ulielekeza kwenye nyaya za umeme zilizo karibu. Baada ya hapo ilifaa kuchomoa simu zote nyingine za nyumba, kwa kuwa kila simu iliyounganishwa kwenye laini ileile ilipunguza nguvu ya mawimbi. Sembuse mtu wa chumba cha pili kuinua mkono wa simu: hapo muungano ulikatika papo hapo. Huduma ya kumjulisha mwenye simu kwamba kuna mwingine anayepiga ilifanya vivyo hivyo kwa mlio wake mdogo, na iliyafaa maungano mengi kuizima.

Kuna ushauri mmoja ambao wengi waliukataa kwa kuwa ulionekana kinyume cha akili: kupunguza kasi kwa hiari. Modemu iliyokubali kasi ya juu kwenye laini chafu ililazimika kusimama kila mara na kuamkiana upya na mwenzake. Kila kusimama kulikula sekunde kadhaa ambazo hakuna herufi hata moja iliyopita. Ikizuiwa isipite biti 28,800, ilisonga bila kukoma na faili likafika mapema. Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, ingawa sidhani walikuwa wakizifikiria modemu.

Radi ni jambo la kupita kwa sentensi moja tu: waliochomoa waya wa umeme na kuuacha wa simu ndio waliounguza modemu zao.

Msongamano wa ndani

Kabla ya kuilaumu njia ya Nairobi ilipasa kuangalia ni nani mwingine aliyekuwa akiitumia laini ileile. Saiba ndogo zilizogawia tarakilishi tano laini moja ya biti 33,600 zilimwachia kila mteja chini ya kilobaiti moja kwa sekunde, na hapo hapakuwa na kosa lolote la kurekebisha. Mashine moja nayo ilikuwa na wageni wake wasioonekana. Masasisho ya programu yalijipakua kimyakimya, na virusi vilituma nakala zao nje. Mnamo Agosti 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kilizifanya tarakilishi za Windows XP zijizime na kujiwasha zenyewe zikiwa mtandaoni. Watu wa intaneti ya kupiga simu, ambao walihitaji muda mrefu kupakua kinga yake, walijikuta wakikatwa kabla hawajaipata.

Pembeni mwa saa, chini ya skrini, palikuwa na picha ya skrini mbili ndogo zilizowaka na kuzimika. Mtu alipozitazama zikiwaka ilhali yeye hajaomba chochote, alijua kuna mgeni. Zisipowaka kabisa, au ikiwaka moja ya kutuma pasipo jibu, alijua ombi limetoka salama na limekwama mbele. Mbele huko ndiko tunakoelekea sasa.

Barua ya Meru kwenda Embu kupitia angani

Sehemu hii ndiyo iliyofahamika kidogo kuliko zote. Shirika la Posta na Simu la Kenya lilianzisha Jambonet mwaka wa 1998 kuwa lango la nchi la intaneti. Shirika hilo lilipogawanywa mwaka wa 1999, Telkom Kenya ikalirithi lango hilo, na haki yake ya pekee ikadumu hadi 2004. Hapakuwa na kebo ya baharini iliyofika Kenya. Kila ombi lililokwenda ng'ambo lilirushwa kwa setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta.

Tupige hesabu. Ombi hupanda hadi kwenye setilaiti na kushuka ng'ambo; jibu nalo hupanda na kushuka. Hizo ni safari nne, jumla zaidi ya kilomita 140,000. Mawimbi husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo karibu nusu sekunde ilipotea hata kama njia ilikuwa tupu na modemu ikiwa ya kasi ya ajabu. Nusu sekunde si kitu kwa barua moja. Lakini ukurasa wenye vipande 20, kisakuzi kikiviomba kimoja baada ya kingine, ulibeba sekunde 10 za kungoja tu. Ndiyo maana aliyebadilisha modemu ya 28,800 kwa ya 33,600 aliona faili kubwa likifika mapema zaidi ilhali kurasa zikifunguka kwa uvivu uleule wa jana. Alikuwa amenunua upana wa barabara, na tatizo lake lilikuwa urefu wake.

La kustaajabisha zaidi ni barua za ndani ya nchi. Kampuni za intaneti za Kenya hazikuwa na mahali pa kukutana humu nchini. Barua pepe ya mtu wa Meru kwenda kwa mtu wa Embu, iwapo walikuwa wateja wa kampuni mbili tofauti, ilishuka Nairobi, ikapaa kwenda ng'ambo, kisha ikarudi kwa njia hiyohiyo ya angani. Matatu ya Meru iliyopitia Chuka na Runyenjes ilifuata njia fupi mno kuliko barua hiyo. Kituo cha kubadilishana data kiitwacho KIXP kilianzishwa Nairobi mnamo Novemba 2000 ili kuondoa mzunguko huo. Telkom ililalamika kwamba kinaingilia haki yake, na mwezi wa Desemba kikaamriwa kufungwa. Kilifunguliwa tena Februari 2002.

Mtumiaji angewezaje kujua kwamba tatizo lake liko angani? Kwa amri ya ping, iliyotuma kifurushi kidogo na kupima muda wa kurudi kwake. Kwanza ilielekezwa kwa seva ya kampuni yake iliyo Nairobi, kisha kwa seva ya ng'ambo. Jibu la Nairobi likirudi kwa milisekunde 150 au 200 na la ng'ambo kwa 700 na zaidi, waya wake ulikuwa mzima. Hapo alichoweza kufanya ni kuzima picha katika kisakuzi, kusoma na kuandika barua akiwa hajaunganishwa, na kuunganisha wakati wa kutuma tu. La Nairobi nalo likichelewa au kupotea, arudi kwenye mkono wa simu asikilize.

Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka wa 2009, na intaneti ya simu za mkononi ilikuwa tayari imewavuta wengi. Tatizo la angani likatoweka kwa walio wengi, na lile la waya likatoweka pamoja na waya.

Lugha ya kosa

Sasa turejee kwenye ahadi yetu. Ujumbe ulioandamana na namba 602, 619 na 633 ulitaja kifaa au mahali ambapo Kiingereza hukuita kwa neno moja na bandari ya meli. Wanafunzi waliojaribu kuutafsiri kwa kamusi walipata habari ya bandari iliyofungwa, wakabaki wanashangaa Mombasa inaingiaje. Kiingereza kina maneno mawili yaliyogongana umbo: moja limetokana na neno la Kilatini la bandari, jingine na neno la Kilatini la lango. Aliyeufahamu ukoo huo angesema "mlango wa modemu umefungwa", na kila msomaji angejua aangalie wapi.

Juhudi za kuipa tarakilishi lugha yetu hazikukosekana miaka hiyo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka wa 2004. Juhudi hizo zilishughulikia zaidi menyu: fungua, hifadhi, chapisha. Ujumbe wa makosa ulibaki nyuma, nao ndio mtu anaouhitaji zaidi, kwa kuwa menyu huweza kukaririwa na kosa huja bila kupiga hodi.

Upungufu huo umeacha alama katika neno lenyewe la "mtandao". Leo mtu wa Runyenjes au Nkubu akisema "hakuna mtandao", huenda simu yake haipati mawimbi ya mnara, au kifurushi chake cha data kimekwisha, au tovuti anayoitaka ndiyo iliyolala. Ni matatizo matatu, kila moja na mwenye kulitatua wake, na mhudumu wa wateja anayeipokea simu hiyo hulazimika kuuliza maswali mengi kabla hajajua aanzie wapi. Maneno ya kuyatenganisha tunayo: mawimbi, data na seva. Napendekeza wanaotunga istilahi za ujumbe wa makosa wayatumie hayo matatu, na "mtandao" wauache kwa maana yake pana tu.